Mizani ya Augustino

Yapata mwaka 393, katika mji wa Hippo ulio leo nchini Algeria, padre mmoja alitunga wimbo mrefu wa kupinga mfarakano uliokuwa umelipasua Kanisa la Afrika ya Kaskazini. Jina lake Augustino, na hakuwa bado askofu. Wadonati, aliobishana nao, walikuwa waimbaji hodari. Waliwabeza Wakatoliki kwamba uimbaji wao umepoa. Basi mtu huyu, aliyekuwa amefundisha ufasaha wa lugha Karthago, Roma na Milano, na aliyeijua vema arudhi ya Virgil, mshairi wa Kilatini, akaiweka arudhi hiyo kando. Uzeeni, alipovipitia upya vitabu vyake kimoja kimoja, alieleza kwa nini. Alitaka wimbo ule uwafikie watu wa chini kabisa, wasiojua kusoma, ukae katika kumbukumbu zao. Arudhi ya kale ingemlazimisha kutumia maneno ambayo watu hao hawakuyazoea.

Akazipanga beti zake kwa alfabeti: wa kwanza unaanza na A, unaofuata B, mpaka V. Kila ubeti una mishororo 12. Kila mshororo una mizani 16, na katikati pana kituo, yaani 8 kwa 8. Mwishoni mwa kila kipande mkazo unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Na mishororo yote, tangu wa kwanza hadi wa mwisho, inamalizikia kwa sauti moja tu, e. Baina ya beti pana kiitikio cha waumini wote.

Msomaji aliyelelewa na ushairi wa Kiswahili hahitaji kuoneshwa kilichopo hapa. Mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao, ndiyo shairi letu la siku zote. Mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho ndio tunaoutumia tukitoa salamu, tukinunua chumvi, tukisali. Kina kimoja kinachotembea toka mwanzo wa utungo hadi mwisho ndicho kina cha bahari katika utenzi. Hata beti za alfabeti tunazo: Sayyid Umar bin Amin al-Ahdal, kadhi wa Siu katika karne ya 19, alitunga Dura Mandhuma kwa kufuata herufi za Kiarabu moja baada ya nyingine.

Sidai kwamba tungo hizi ni ndugu wa damu. Sioni njia ambayo wimbo wa Hippo ungeweza kufika Siu. Ninachokiona ni walimu wawili, waliotenganishwa na dini na miaka zaidi ya 1,400, waliokabiliwa na kazi ileile: kumpa mtu asiye na kitabu kitu cha kwenda nacho nyumbani. Wote wawili walifikia jibu moja, kwamba mafundisho yasiyo na mwendo hayasafiri.

Nafundisha Kilatini na Kiswahili katika seminari ndogo moja ya nyanda za juu za kusini mwa Tanzania. Vijana wangu wanatoka katika nyumba zinazozungumza Kihehe, Kibena, Kinyakyusa na Kingoni. Watu huniuliza Kilatini ni cha kazi gani siku hizi, na jibu ninalolithamini kuliko yote ni kwamba kinamfanya kijana aisikie lugha yake mwenyewe. Mtoto wa Kibantu hashangai kuambiwa kwamba kivumishi lazima kiifuate nomino yake. Amefanya hivyo tangu hajaota meno: mti mrefu, miti mirefu, kiti kirefu. Kinachomtaabisha ni kwamba Kilatini hubadilisha neno mkiani, naye amezoea mabadiliko ya mbele. Kwa hiyo viishio tunaviimba darasa zima, na jioni ukipita karibu na mabafu unawasikia wakiendelea kuviimba huku maji yakimwagika.

Siku niliyowapa kidato cha tatu ubeti wa kwanza wa wimbo ule wa Hippo, niliwataka wauimbe kwa mahadhi yoyote ya shairi waliyotoka nayo shule ya msingi. Ukakaa. Palikuwa na mahali pawili au patatu ambapo irabu mbili zilipaswa kumezwa ziwe moja, nao wakazimeza bila kuelekezwa, kwa sababu sikio lilidai hivyo. Augustino naye alihesabu silabi kama watu walivyozitamka. Darasa lile lilikuwa limeielewa arudhi yake kabla ya kujua maana ya nusu ya maneno yake, na tulipofika kwenye maana walikuwa na hamu nayo.

Hapa najua nitapingwa. Katika elimu yetu neno kukariri limekuwa tusi. Mwanafunzi akifeli tunasema alikariri. Mwalimu mbovu tunasema anakaririsha. Malalamiko hayo yana haki yake, na Augustino angekuwa wa kwanza kuyaunga mkono. Katika kitabu cha kwanza cha Maungamo anasimulia shule yake ya utotoni kule Thagaste kwa uchungu ambao miaka haikuupunguza. Moja na moja mbili, mbili na mbili nne, kiitikio hicho alikichukia. Kigiriki alikichukia pia, kwa kuwa alikisomea chini ya fimbo. Kilatini kilimjia kwa njia nyingine, kati ya walezi waliombembeleza na watu waliocheka na kucheza naye, na mwenyewe anatoa hukumu kwamba shauku iliyo huru hufundisha lugha kuliko hofu. Hukumu hiyo ina zaidi ya miaka 1,600, na bado kuna vyumba vya walimu ambamo fimbo imeegemezwa nyuma ya mlango.

Lakini ni Augustino huyohuyo anayetueleza kilichotokea mwaka 387, mama yake Monika alipofariki Ostia. Alijizuia asilie mazishini. Alikwenda kuoga, akitumaini kwamba maji yatampunguzia uzito, wala hayakumpunguzia. Akalala, akaamka, na pale kitandani, akiwa peke yake, kilichomjia ni utenzi wa jioni wa Ambrosi, askofu wa Milano. Ndipo machozi yakatoka. Mtu aliyesoma falsafa yote iliyopatikana enzi yake, saa ya msiba alishikwa mkono na maneno aliyoyahifadhi kwa kuimba. Elimu ya namna hiyo siwezi kuiita kasuku. Kukariri kunakostahili kulaaniwa ni kule kwa majibu ya mtihani, yanayowekwa kichwani Jumapili na kumwagwa Jumatatu. Kuhifadhi utungo mzuri ni kazi nyingine kabisa: unaupa nafasi ukae nawe, na maana yake inakomaa kadiri nawe unavyokomaa. Mtoto wa miaka kumi anayeimba juu ya kifo haelewi anachoimba. Ataelewa akiwa na miaka arobaini, endapo tu wimbo utakuwa bado umo ndani yake.

Tenzi hizo za Ambrosi nazo zina habari yake. Mwaka 386 Justina, mama wa Kaisari Valentiniano, alitaka kanisa moja la Milano likabidhiwe kwa Waario, kundi lililofarakana na Wakatoliki. Watu wakajifungia ndani pamoja na askofu wao, na ili wasivunjike moyo wakafundishwa kuimba kwa desturi ya makanisa ya mashariki. Ambrosi alitunga kwa beti za vipande vinne, kila kipande mizani nane. Vipande vinne kwa mizani nane: ni kipimo cha Utendi wa Tambuka aliouandika Mwengo wa Athumani mwaka 1728, na cha Mwana Kupona alipomtungia binti yake wosia mwaka 1858. Vina havifanani, kwa kuwa washairi wetu walikaza vina vitatu na kukiachia cha nne bahari, ilhali Ambrosi hakujali vina. Kipimo cha pumzi lakini ni kilekile. Mtu anayeimba huku anatembea, anatwanga au anabembeleza mtoto, pumzi yake inatosha mizani nane.

Augustino aliandika pia vitabu sita juu ya muziki, kwa mtindo wa mwalimu na mwanafunzi wanaojibizana. Vitano vya mwanzo vinachambua mwendo wa silabi kwa subira ambayo vijana wangu huiona ndefu mno. Katika cha sita anauliza mwendo huo unakaa wapi hasa: katika sauti, katika sikio, katika kumbukumbu, au katika kitu cha juu zaidi ambacho roho inakipokea bila kukiumba. Kwake kipimo kizuri katika wimbo ni alama ya Aliyeviumba vyote kwa kipimo. Naiamini hoja hiyo. Nimeiona ikithibitika katika kwaya za vigango ambavyo padre hufika mara chache kwa mwaka.

Boethius, aliyekuja baada yake na ambaye shule za Ulaya zilimsoma kwa karne nyingi, alisema mwanamuziki wa kweli ni yule anayeupima muziki kwa akili, na mwimbaji akamweka chini yake. Hapo simfuati. Nendeni katika parokia ya kijijini, Ijumaa jioni, wakati wa mazoezi. Mtamkuta mkulima aliyeishia darasa la saba akisoma noti za sol-fa zilizoandikwa kwa chaki, akiwarudisha watu wa sauti ya tatu mahali walipokosea, akimngoja mama wa sauti ya pili aliyechelewa kwa sababu ng'ombe walikuwa hawajarudi. Noti hizo zilibuniwa Uingereza na mwalimu mwanamke, Sarah Glover wa Norwich, na kuenezwa katika karne ya 19 na mchungaji John Curwen, ili watoto na watu wasio na vinanda waweze kuimba kwa kusoma. Huku kwetu zimefanya kazi hiyo mpaka leo. Hakuna darasa la watu wazima lililodumu vijijini kuliko kwaya. Linafundisha kusoma, kuhesabu, kusikilizana, kufika kwa wakati, na kunyamaza pale sauti yako haina zamu. Anayefanya yote hayo haupimi muziki kwa kitu kingine isipokuwa akili.

Ndiyo maana naumia ninapoona kwaya zikiachana na kazi hiyo. Kinanda kinapiga mdundo uliokwisha kupangwa kiwandani, spika zinawekwa juu kiasi kwamba sauti ya nne haisikiki tena, na mazoezi yanageuka kuwa ya kucheza mbele ya kamera. Wasiwasi huu si mpya. Katika kitabu cha kumi cha Maungamo Augustino anajihoji juu ya utamu wa nyimbo kanisani. Anamkumbuka Athanasio wa Aleksandria, Mwafrika mwenzake, aliyesemekana kumtaka msomaji wa zaburi ainue sauti kidogo tu, iwe karibu na kusema. Kuna nyakati alitamani ukali huo. Kisha anakumbuka machozi aliyomwaga alipoongoka, akisikiliza waumini wakiimba, na anaamua uimbaji ubaki. Sharti analojiwekea ni moja: sauti ikimgusa kuliko kinachoimbwa, anakiri kwamba ametenda dhambi. Walimu wa kwaya wangeufaidi sana ukurasa huo kama wangeusoma pamoja na waimbaji wao kabla ya kununua spika nyingine.

Lipo pia deni la zamani ambalo hatujalimaliza. Wamisionari walipotuletea tenzi zao, wengi walilazimisha maneno ya Kiswahili katika tuni zilizokwisha kutungwa kwa Kijerumani au Kiingereza. Tuni nyingi za huko huanza na pigo jepesi, ndipo pigo zito lifuate. Maneno yetu ya silabi mbili hufanya kinyume: Mungu, Bwana, Yesu, moyo, yote mkazo wake uko mwanzoni. Basi waumini wakazoea kumwita Mungu kwa mkazo ambao hakuna mtu angeutumia nje ya kanisa. Katika lugha za toni, ambazo ni nyingi miongoni mwetu, hatari ni kubwa zaidi, kwani tuni ikipanda pale neno linaposhuka, maana yenyewe inaweza kugeuka. Mtoto anayekua akisikia lugha yake ikipindwa kila Jumapili anajifunza, bila mtu kumwambia, kwamba imani ni kitu cha kusemwa kwa lafudhi ya mgeni.

Mwaka 1963 ungeweza kuwa mwaka wa kuponya jambo hilo. Tarehe 4 Desemba maaskofu wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano waliipitisha hati ya liturujia kwa kura 2,147 dhidi ya 4. Ibara yake ya 116 inaupa uimbaji wa Gregori nafasi ya kwanza katika liturujia ya Kirumi. Ya 119 inadai muziki wa mataifa ya misioni uheshimiwe, ufundishwe mashuleni na uingie katika ibada. Mwaka huohuo Padre Stephen Mbunga, Mtanzania, alichapisha utafiti wake juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Na mwaka huohuo Mathias Mnyampala, mshairi wa Ugogo, hakimu na Mkatoliki, alichapisha Utenzi wa Enjili Takatifu. Wakongo walikuwa wametangulia: kule Kamina, mwaka 1958, Padre Guido Haazen na kwaya yake ya vijana walikwisha kuimba misa nzima, maneno ya Kilatini, sauti na ngoma za Kikongo. Yaani vilikuwepo vyote: ruhusa ya Kanisa, elimu ya mtaalamu, kipaji cha mshairi, na mfano wa jirani.

Matunda yalipatikana, nami siyadharau. Tuna watunzi ambao muziki wao unatembea na maneno ya Kiswahili bila kuyakwaruza. Lakini shuleni agizo la ibara ya 119 halikufika. Na utenzi, chombo ambacho Waswahili Waislamu walikichonga kwa karne kadhaa kwa ajili ya sira, mawaidha na vita vya imani, Wakristo tulikipokea kwa woga, tukakiacha kwa washairi wachache. Mnyampala hakuogopa. Naye Julius Nyerere hakuogopa. Yeye alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kuwa lolote lingine, Tabora na kisha Pugu; alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare akiwa madarakani, na mwaka 1996, miaka mitatu kabla ya kifo chake, zilichapwa tenzi zake za Injili zote nne na Matendo ya Mitume. Mtu aliyeongoza taifa alikaa kuhesabu mizani nane, ubeti baada ya ubeti, katika kipimo alichokirithi kutoka kwa mashehe wa Pate na Lamu, ili Mtanzania aiimbe Injili. Sijui kazi nyingine ya kalamu hapa nchini iliyounganisha namna hiyo imani, utamaduni na ualimu. Wanafunzi wengi wanaokuja kwangu hawajawahi kusikia kwamba ipo.

Wanachokifahamu ni fani na maudhui. Wamefundishwa kulifungua shairi, kutoa dhamira tano na mifano miwili kwa kila dhamira, na kulifunga. Mwanafunzi anaweza kupata alama nzuri katika swali la diwani ya Wasakatonge au ya Mashairi ya Chekacheka akiwa amesoma mwongozo tu, wala hajawahi kutoa sauti. Siwalaumu walimu wenzangu. Darasa la wanafunzi themanini na vitabu vinne linamlazimisha mtu kutafuta njia ya mkato. Lakini shairi ambalo halijaimbwa halijasomwa. Mwengo hakuandika ili watu watoe dhamira. Watoto wa vyuo vya Kurani wanalijua hili kuliko sisi wa shule rasmi: hadi leo wanaimba maulidi na beti za sarufi ya Kiarabu wakiwa wadogo kabisa, na ufafanuzi unakuja baadaye, kwa mtu ambaye tayari ana kitu cha kufafanuliwa. Mwalimu Mkristo hapati hasara yoyote kwa kujifunza kutoka kwao, na mimi nimejifunza.

Plato aliandika kwamba mwendo na mlingano wa sauti hupenya ndani kabisa ya nafsi kabla akili haijaweza kutoa sababu, na kwamba mtoto aliyelelewa nao vizuri, sababu itakapokuja, ataipokea kama mtu anayemfahamu. Kwa hofu ya nguvu hiyohiyo alitaka mji wake uwe macho na kila badiliko la muziki. Simfuati katika kupiga marufuku. Namfuata katika kuamini kwamba swali la watoto wetu wanaimba nini ni swali la elimu, wala halifai kuachwa mikononi mwa simu peke yake.

Ninachoomba ni kidogo na kinawezekana bila mtaala mpya. Wakuu wa shule, rudisheni kipindi kimoja cha kuimba mashairi kwa juma, mkiite mtakavyo. Walimu wa kwaya, kabla ya kupokea tuni yoyote someni maneno yake kwa sauti, na pale mkazo unapopindwa irekebisheni au iacheni. Wachapaji wa Kanisa, hakikisheni tenzi za Mnyampala na Nyerere zinapatikana kwa bei ambayo katekista wa kijijini anaimudu, pamoja na mahadhi yake katika noti za sol-fa. Nawe mwalimu wa Kiswahili wa kidato cha kwanza, Jumatatu ukiingia darasani na diwani, usianze na dhamira. Waambie wasimame waimbe.